Mnaofundisha kuhariri resolv.conf kwenye Ubuntu ya leo, mnatuharibia kazi!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Kila ukiuliza namna ya kubadilisha DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kwenye Ubuntu ya mezani, jibu ni lilelile: fungua /etc/resolv.conf, andika nameserver 8.8.8.8, sevu, umemaliza. Unafanya hivyo, mtandao unafunguka, mteja anakulipa. Kesho yake anawasha mashine, simu inaita: "Fundi, mbona intaneti hamna tena?" Huyo ana stesheneri, na wanafunzi wamejaa mlangoni wanataka kujaza fomu za mkopo. Unarudi kwa nauli yako, unafungua faili, unakuta 127.0.0.53, anwani ya mashine yenyewe. Ulichoandika hakipo.

Na hakiwezi kuwepo! Hiyo resolv.conf ni kiungo tu kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Folda ya /run inakaa kwenye RAM, ukizima mashine imefutika, na systemd-resolved, huduma ya mfumo inayoshughulikia DNS, inaiandika upya. Tena juu ya faili wameandika wazi "Do not edit". Sasa nyie mnaotuambia tuhariri, mliwahi kulisoma?

Wengine wanakutuma /etc/network/interfaces ukaandike eth0, jina la zamani la kadi ya mtandao. Ubuntu ilihamia netplan, chombo cha kupanga mipangilio ya mtandao, tangu toleo la 17.10, mwaka 2017, na kadi siku hizi inaitwa enp3s0 au mfano wa hayo. Ukitaka kuhakiki kwa ifconfig, amri ya zamani ya kuangalia kadi, nayo haijasakinishwa. Wabaya zaidi ni wanaobandika YAML (faili la mipangilio ya netplan) ya seva yenye "renderer: networkd", yaani kadi ishikwe na huduma ya networkd. Mtu akiiweka kwenye kompyuta ya mezani, NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye mashine za mezani, inaiachia kadi, na pale kwenye mipangilio hawezi tena kubadilisha chochote.

Waliounda mfumo nao siwaachi. Jambo moja, kuweka DNS, lina netplan, lina NetworkManager, lina systemd-resolved. Nyumba ya kambale, kila mmoja ana sharubu! Mtu anayejifunza mwenyewe, kwa bando la kujinunulia, atajuaje amsikilize nani?

Kwenye mashine ya mezani anayeshika kadi ni NetworkManager, basi mwambieni yeye. Angalia jina la muunganisho kwa nmcli con show (nmcli ndiyo amri ya kuongea na NetworkManager), kisha:

nmcli con mod "JINA" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli con up "JINA"

Hiyo ignore-auto-dns msiiruke, bila hiyo DNS ya ruta inabaki palepale pamoja na ya kwenu. Halafu hakikisheni kwa resolvectl status, na mzime mashine muiwashe tena mbele ya mteja kabla hamjapokea hela.

Na kuanzia leo, ukitoa maelekezo andika ni toleo gani, la mezani au la seva, na kama wewe mwenyewe umeyajaribu baada ya kuwasha upya. Kama hujayajaribu, usiyaandike.