MJADALA: Amoksilini ya unga ya watoto iondolewe maduka ya dawa muhimu, vibaki vidonge vya kuyeyusha?

Chupa na Kipimo:
Wakuu, salaam. Nauliza kwa ajili ya Dodoma hasa, mnikosoe. Maduka ya dawa muhimu yalianza Ruvuma mwaka 2003, na leo ndiyo tegemeo la vijiji vingi vya Kongwa, Bahi na Chamwino. Amoksilini ya kumeza yanaruhusiwa kuiuza. Ninachodai ni hiki: kwa mtoto mwenye nimonia, ile chupa ya unga wa kutiwa maji itoke kwenye rafu zao, vibaki vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250. Mwongozo wa WHO wa 2014 unavitanguliza hivyo hivyo.

Tufanye hesabu. Chupa ya mililita 100, yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, ina miligramu 2,500 basi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anatakiwa kupata 250 asubuhi na 250 jioni kwa siku 5. Hizo ni mililita 10 kila mara, na chupa inamtosha pasipo kubaki tone. Aliyetimiza mwaka hadi kabla ya miaka 3 anatakiwa kupata 500 kila mara, yaani mililita 20. Akianza Jumatatu asubuhi, Jumatano asubuhi chupa ni tupu, na siku mbili na nusu bado hazijatibiwa. Nani ananunua chupa mbili? Inanunuliwa moja, inaandikwa "kijiko kimoja kutwa mara tatu". Mtoto wa kilo 12 anapata 375 kwa siku badala ya 1,000. Na ndiyo maana maandishi hayo yanapendwa: mililita 15 kwa siku zinaifikisha chupa karibu wiki nzima, kila mtu anaona kama dozi imekamilika.

Vidonge havina ujanja huo. Wa chini ya mwaka ni 10, wa mwaka 1 hadi kabla ya 3 ni 20. Unahesabu, unakabidhi.

Mtoa Dawa Kibaigwa:
Mkuu, hesabu yako haina kasoro, ila unaiadhibu chupa kwa kosa la kalamu. Aliyeandika "kimoja mara tatu" kwenye chupa ataandika hivyo hivyo kwenye bahasha ya vidonge. Dawa ya unga ikichanganywa dukani, mbele ya mzazi, haina tabu. Kwanza gonga chupa mpaka unga ulioganda chini uachie. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kama nusu ya alama, tikisa kwa nguvu, subiri povu litulie, ndipo uongeze mpaka kwenye alama na kutikisa tena. Andika tarehe ya kuchanganya juu ya lebo. Zisizidi dakika tano.

Kosa ninalolijua mimi ni la kupima maji mililita 100 pembeni na kuyamimina yote. Alama ni ya dawa iliyokwisha kuchanganyika, siyo ya maji. Unga nao una nafasi yake. Ukifika 120, kijiko cha 125 kimeshuka hadi 104. Lingine ni la kumpa mzazi unga mkavu akachanganye mwenyewe. Huko kuna anayetia maji ya moto "ili iyeyuke vizuri", na kuna anayechota unga kidogo kidogo kijikoni kila siku. Huyu wa pili hata malaika hajui anampa mtoto miligramu ngapi.

Mtungi Baridi:
Kabla hamjaendelea, mkumbuke kwa nini dawa hii inakuja kavu. Molekuli ya amoksilini ina pete ndogo, na pete hiyo ndiyo inayovuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Maji huivunja pete, polepole pakiwa na baridi, upesi pakiwa na joto. Kwa hiyo ukishatia maji, saa imeanza kuhesabu. Lebo nyingi zinatoa siku 7, baadhi zinaruhusu hadi 14 ikiwa kwenye friji. Sasa chupa iko juu ya kabati, chini ya bati, Dodoma, mwezi wa Novemba. Siku saba za lebo hazikupimwa humo.

Asiye na friji anaweza kutumia mtungi ndani ya mtungi mkubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, chupa ikiwa imefungwa kwenye mfuko usioingiza maji. Upepo mkavu wa huku unausaidia sana; masika unyevu ukizidi, nguvu yake hupungua. Ni njia nzuri, ila nauliza wangapi wataifanya kwa ajili ya chupa moja ya dawa. Namuunga mkono mleta mada.

Nesi wa Zamu:
Na mimi nitaunga mkono, lakini msivifanye vidonge hivyo kuwa malaika. Kinachokifanya kimumunyuke haraka ni kwamba kimetengenezwa kuvuta maji, na hakichagui kati ya maji ya kijikoni na unyevu wa hewa. Kikitolewa kwenye karatasi yake na kutupwa ndani ya bahasha, hulainika na kuanza kumeguka kabla ya dozi kuisha. Kitolewe wakati wa kumpa mtoto, siyo kabla.

Namna ya kumpa: kidonge kimoja kwenye kijiko au kikombe kidogo, maji safi mililita 5 hadi 10, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Zungusha taratibu mpaka kisambae, mpe chote, kisha tia maji kidogo suuza masalia nayo umpe, kwa sababu dawa hubaki chini. Vidonge viwili, rudia yote mara mbili. Usivilowanishe vya asubuhi na jioni kwa pamoja. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena. Wale wa maji ya kisima ya chumvichumvi, chemsheni, yapoe, utando uliotuama chini ya sufuria muuache. Chumvi yenyewe haiondoki kwa kuchemsha, na ikizidi mtoto atatema.

Faida yake kubwa kwangu ni kwamba kijiko hakipimi kitu. Vijiko vya chai vya nyumbani kimoja kinabeba chini ya mililita 3, kingine zaidi ya 7. Kwenye dawa ya maji tofauti hiyo ni dozi. Kwenye kidonge ni maji tu.

Hesabu Pumzi:
Mnabishana rafu ya pili, ya kwanza mmeiruka. Kikohozi na mafua bila kupumua haraka hakihitaji chupa wala kidonge. Mtoto akiwa ametulia, mhesabie pumzi dakika nzima kwa saa. Kupumua haraka ni hivi: miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya 5, 40 au zaidi. Chini ya miezi 2, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea, duka lisiuze chochote, apelekwe kituoni sasa hivi. Duka lisilohesabu pumzi litakuza usugu wa dawa kwa vidonge vilevile mnavyovipigania.

Mtoa Dawa Kibaigwa:
Hapo nakubali, dada. Lakini mleta mada hajajibu jambo moja. Siku vidonge vya kuyeyusha vimekwisha na chupa mmeipiga marufuku, mzazi harudi nyumbani mikono mitupu. Anaomba kapsuli za mtu mzima, zile za rangi mbili, anazifungua na kuzigawa kwenye uji kwa kukadiria kwa jicho. Kati ya hilo na chupa iliyochanganywa vizuri, lipi afadhali?

Chupa na Kipimo:
Afadhali chupa, sibishi. Basi narekebisha hoja. Chupa ibaki kama akiba tu, na kwa masharti: ichanganywe dukani, itoke na bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, na mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya 3 asiuziwe moja. Auziwe mbili, ya pili ikiwa kavu. Arudi nayo siku ya tatu asubuhi ndipo itiwe maji.

Mtoa Dawa Kibaigwa:
Na hela ya chupa ya pili akiwa hana?

Chupa na Kipimo:
Ndiyo sababu nilianza na vidonge 20.