Naomba ushauri: mtumishi wa Isaya 53 ni nani?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niko Mbale, Uganda, naongoza kikundi cha Biblia. Jirani yangu ni wa Abayudaya, wale Wayahudi wa huku walioanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919. Anasema mtumishi anayeteswa katika Isaya 53 ni taifa la Israeli, na ananifungulia 41:8 na 49:3, ambako Israeli anatajwa waziwazi. Namjibu kwa Matendo 8, ambako Filipo anamweleza yule towashi kwamba andiko hilo linamhusu Yesu, lakini kwake Matendo si Maandiko, basi tunabaki palepale.

Kinachonipa nguvu ni 49:6: mtumishi anatumwa kuwarejesha Israeli. Taifa litajirejeshaje lenyewe? Hoja hii inasimama, au marabi wana jibu lake? Jumapili nafundisha sura ya 53, na vijana wangu wanauliza kwelikweli.