Yule jamaa wa gari la umeme amenichomolea chaja ya laptopu mbele za watu, halafu AKAIKUNJA

Tumbaku Daraja la Kwanza (mleta mada):

Wakuu, nipo Urambo, nimetoka kwenye mkutano sasa hivi, vidole vinatetemeka, naandika hivyo hivyo. Mods nawaomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la magari. Hapa hatuzungumzii gari, tunazungumzia utu.

Wa Tabora mnamjua. Simtaji. Lile gari jeupe ambalo limeshamaliza kuku wa Isevya kwa sababu halisikiki linapokuja. Ndiyo, yeye. Yule ambaye ukimwambia "za asubuhi kaka" anakujibu "sitini na mbili", maana kichwani mwake hamna kitu kingine zaidi ya asilimia za betri.

Usiku umeme ulikatika mtaani, laptopu ikalala na asilimia nne. Mimi ni karani wa chama cha msingi, na leo nilitakiwa nisimame mbele ya wakulima wa tumbaku na hesabu za makato ya pembejeo. Kama hujawahi kumwambia mkulima wa tumbaku kwamba mashine imezima, usijaribu. Nikawaza: kwa nini nihangaike? Kuna gari la UMEME linakwenda Urambo. Umeme ndio chakula chake. Nauli yake inazidi ya basi, nikalipa taslimu, nikakaa siti ya mbele. Narudia: nauli nililipa. Haikuwa lifti.

Tumetoka mjini vizuri. Nikatoa inveta yangu ndogo, ile ya kuchomeka kwenye kiwashia sigara, nikaweka chaja. Taa ya kijani ikawaka. Saba. Nane. Tisa. Nikafungua jedwali la makato, moyo umetulia, naangalia miti.

Jamaa akatazama dashibodi. Akanitazama mimi. Akatazama dashibodi tena. Mkono wa kushoto ukaja taratibu, UKACHOMOA.

Hakuna "samahani". Hakuna "mdogo wangu naomba". Amechomoa. Na kama angeishia hapo nisingefungua uzi. Akapunguza mwendo, akaikunja ile chaja. Akaikunja vizuri, wakuu! Mizunguko inalingana! Akaifunga na kile kikamba chake cha kubana ambacho mimi tangu niinunue sijawahi kukigusa. Akaiweka kwenye mfuko wa mlango wake. Akasema:

"Utaichukua tukifika."

UTAICHUKUA TUKIFIKA. Mimi, baba wa watoto, mtu ninayesaini hundi za ushirika. Mara ya mwisho kuambiwa maneno hayo nilikuwa darasa la tano na kilichochukuliwa kilikuwa manati.

Wakati huo kiyoyozi kinavuma hadi mama mmoja siti ya nyuma kajitanda khanga mbili na bado anatetemeka. Simu zake jamaa, zote mbili, zinachaji. Pale mbele kuna kifeni cha urembo kinazunguka, kinampuliza nani sijui. Hivyo vyote havili umeme. Kinachokula ni chaja yangu ya wati 65. Nikamwambia "kaka, hata dakika ishirini tu". Hakujibu. Yule mama wa khanga ndiye akajibu kwa niaba yake: "Mwachie baba, umeme wa watu huo." Gari zima wakacheka. Hata mtoto aliyekuwa amelala aliamka akacheka akarudi kulala.

Laptopu ilizima nikiwa kwenye swali la kwanza, la mbolea. Yaliyofuata sitaki kuyasema.

Lakini AKAIKUNJA. Angeitupa dirishani ningemwelewa, binadamu ana hasira. Mtu akikukunjia chaja yako anakuwa ameshakuona mtoto wake.

---

Kichwa Ngumu: Sijasoma yote. Chaja ilirudi au haikurudi?

Tumbaku Daraja la Kwanza: Ilirudi. IMEKUNJWA.

Kichwa Ngumu: Sasa unalia nini.

Dada wa Kanyenye: Huyo namjua, alishaniambia nipunguze mkoba. Mkoba, jamani. Eti uzito unakula chaji. Nilikuwa na doti mbili za kitenge na sabuni.

Fundi Waya: Mkuu tuweke hesabu mezani. Wati 65 kwa saa nzima ni uniti 0.065 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa). Uniti ya LUKU kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi mia tatu na ushee, kwa hiyo ungechaji saa nzima ungemla kama shilingi ishirini. Sarafu ya ishirini siku hizi duka gani linaipokea? Upande wa gari: dogo la umeme linatumia kama uniti 15 kwa kilomita 100. Ina maana ungemnyima mita mia nne na kidogo. Kiyoyozi kikikazwa kinaweza kuvuta wati elfu moja na zaidi, yaani chaja kama zako zaidi ya kumi na tano kwa mpigo. Mwambie azime kile kwanza.

Tumbaku Daraja la Kwanza: MITA MIA NNE! Wakuu, ningeshuka nikasukuma mita mia nne. Ningesukuma huku naimba.

Mwembe Dodo: Mnamwonea mzee wa watu. Kama lile ni Nissan Leaf la mwanzo mwanzo, lilitoka kiwandani na betri ya uniti 24 tu, na betri yake haipozwi kwa maji, ni upepo na kudra za Mungu. Likishatumika Japani, likaja kupigwa na jua letu, hizo uniti hazipo zote tena. Tabora hadi Urambo ni kilomita 90 hivi. Huyo jamaa haendeshi, anasali. Likimwishia Usoke atachaji wapi, kwenye mwembe? Hata mimi ningechomoa.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Ungechomoa. Ungekunja?

Mwembe Dodo: Kukunja ni ustaarabu mkuu.

Dada wa Kanyenye: Nikiwa na mume anayekunja waya nisingekuwa humu saa hizi. Wa kwangu anaacha chaja sakafuni hadi mtoto anaitafuna.

Fundi Waya: Halafu jambo moja watu hawalijui. Gari la umeme nalo lina betri ndogo ya volti 12, kama ya Noah. Hiyo ndiyo inayoamsha mitambo. Ukichaji laptopu gari likiwa limezimwa, unainyonya hiyo ndogo, na ikifa gari haliwaki hata betri kubwa ikiwa imejaa pomoni. Utaita mwenye gari la petroli aje akugawie moto, ni aibu ya mwaka.

Tumbaku Daraja la Kwanza: GARI LILIKUWA LINATEMBEA.

Fundi Waya: Likiwa limewashwa, betri kubwa inailisha ndogo, hamna shida. Mimi nimesema likizimwa.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Sasa kwa nini umesema?

Fundi Waya: Nimesema tu, wengine wajifunze. Na hizo inveta za bei chee angalieni, nyingine umeme wake mchafu, chaja inaunguruma na kupata moto.

Abiria Sugu: Afadhali wewe uliiona taa ya kijani. Mabasi ya kwenda Dar kila siti ina tundu la USB, konda anakuonyesha kwa kidole kama anakuonyesha mbuga ya wanyama. Unachomeka simu ikiwa na arobaini, ukifika Singida ina thelathini na moja. Sijui umeme unakwenda wapi. Nadhani sisi ndio tunalichaji basi.

Kichwa Ngumu: Hahahaaa tunalichaji basi.

Mzee Kijana: Subirini reli. Treni ya umeme ya SGR ilianza Dar–Dodoma mwaka 2024, huku kipande cha Tabora wanajenga. Ikifika utachomeka hadi pasi.

Abiria Sugu: Ikifika utakuwa umeshastaafu, hutakuwa na laptopu.

Mwisho wa Reli: Nyie Tabora mnadeka. Sisi Kigoma miaka na miaka mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa tulikuwa tunaisikia kwenye taarifa ya habari kama vile ni nchi jirani. Leo mtu analia mita mia nne.

Mwembe Dodo: Kila uzi lazima Kigoma waje na historia yao. Mtu kafungua uzi wa chaja.

Mwisho wa Reli: Mkitaka migebuka mnatujua, tukitaka kuongea tunaambiwa historia.

Dada wa Kanyenye: Migebuka yenyewe siku hizi mnatuletea ya saizi ya penseli.

Mwisho wa Reli: Dada usianze. Na asali yenu ile mnayochanganya na sukari je?

Mwembe Dodo: ASALI YA TABORA HAICHANGANYWI. Futa hiyo kauli.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Jamani turudi kwenye mada.

Kichwa Ngumu: Mada ipi?

Tumbaku Daraja la Kwanza: Alinichomolea chaja. Akaikunja. Mbele za watu. Mkono wa kushoto.

Abiria Sugu: Mkono wa kushoto unasingiziwa mkuu, gia ziko upande huo.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Lile gari halina gia za kukanyagia klachi, hata hiyo sababu hana!

Mpangaji Mpole: Poleni. Mimi ya kwangu ni hii, na naomba nishauriwe maana mleta mada ameshapona. Umeme ukikatika tunapeleka simu kwenye kibanda chenye sola, mia tano. Juzi nimeacha yangu nikaenda sokoni, kurudi nakuta imechomolewa ikiwa na thelathini na nane, pale imekaa simu ya shemeji yake. Hela harudishi. Anasema thelathini na nane nayo ni chaji.

Dada wa Kanyenye: Hiyo kali kuliko ya laptopu.

Fundi Waya: Kali sana. Hapo kuna madai kabisa.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Kali vipi? Walimkunjia?

Mpangaji Mpole: Na hapo sijafika kwenye nyumba ninayoishi. LUKU tunachanga vyumba vyote sawasawa. Mimi nina taa moja na redio. Chumba cha pili kuna mtu ana friji anauza barafu mtaa mzima, watoto wanapanga foleni mlangoni kuanzia saa nne asubuhi. Uniti zikiisha anagonga kwangu wa kwanza: "Jirani, zamu yako." Nachangia biashara ambayo sina hisa.

Mzee Kijana: Wekeni mita ndogo kila chumba mkuu. Submita haziuzwi bei ya ng'ombe.

Mpangaji Mpole: Mwenye nyumba anasema tukiweka tutakuwa tunajifanya tuna nyumba.

Abiria Sugu: Samahani kwa kuingilia. Huyo mwenye gari jeupe, Jumamosi anakwenda Kaliua au anaishia Urambo? Mwenye namba yake aniwekee PM. Nina mgonjwa, kiyoyozi kitamfaa.

Dada wa Kanyenye: Nimekutumia. Kata mizigo tu.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Mnampa WATEJA? Kwenye uzi WANGU?

Abiria Sugu: Nimeshaongea naye, yuko poa sana. Siti ya mbele nimechukua. Ameniuliza kama nina laptopu.

Mwembe Dodo: Hahahahaa.

Jirani Mwema: Habari za jioni. Mpangaji Mpole, hii picha yako ya wasifu naijua, huo ukuta wa kijani nimeupaka mimi. Mimi ndiye wa friji. Redio yako inakesha hadi alfajiri, hilo hujawaambia. Na barafu za mwezi uliopita ulichukua kwa mkopo ukasema ni za msiba. Msiba wa nani? Njoo ulipe ndiyo tuongee habari za LUKU.

Kichwa Ngumu: Mods huu uzi usifungwe. Nakwenda kununua karanga.

Mpangaji Mpole: Tuongelee nyumbani jirani.

Jirani Mwema: Nimegonga hapa mlangoni kwako, fungua.