Ndege za rada kwa mpaka wa Ruvuma na bahari ya Mtwara: zingeona nini hasa?

Msimbati_Pwani
Wakuu, tangu Kitaya ishambuliwe Oktoba 2020, na Palma ng'ambo ya mto Machi 2021, kila mjadala wa ulinzi wa kusini unafika mahali mtu anasema tununue ndege zenye rada mgongoni, mpaka wote utaonekana. Naomba wanaoijua rada watujibu kwa hesabu. Ndege kama hiyo ikiwa juu ya Newala itaona kipi kati ya hivi: ndege ndogo inayoruka chini, boti ya faiba inayokatiza Ras Ruvuma, mtumbwi mtoni, au mtu anayepita kwa miguu kwenye mikorosho?

MwangwiWaRada
Mkuu, umefanya vizuri kuzitenganisha hizo shabaha nne, maana kila moja ina jibu lake.

Rada inapandishwa angani kwa sababu dunia imepinda. Kanuni ya haraka ni hii: upeo wa rada kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya mizizi miwili ya mraba, wa kimo cha antena na wa kimo cha shabaha, vyote kwa mita. Mnara wa mita 40 ukitafuta boti yenye kimo cha mita 1 unaishia kilomita 30. Antena ikiwa mita 9,000, upeo unafika kama kilomita 395. Kwa hiyo ndege ndogo inayojificha chini ya upeo wa rada ya ardhini itaonekana vizuri. Hiyo ndiyo kazi ambayo ndege za Kimarekani E-3 Sentry na E-2 Hawkeye, na rada ya Erieye ya Waswidi, zilitengenezewa.

Sasa shuka mtoni. Rada hizi hutenganisha shabaha na ardhi kwa kupima mwendo, yaani dopla. Lakini ndege yenyewe inatembea. Chukua mwendo wa mita 130 kwa sekunde na mwale wenye upana wa nyuzi 1 unaotazama ubavuni. Ardhi iliyotulia ndani ya mwale huo itaonekana kana kwamba ina mwendo unaotofautiana kwa takriban mita 2.3 kwa sekunde, sawa na kilomita 8 kwa saa. Mtembea kwa miguu na mtumbwi wa kasia wote wako chini ya hapo, basi wanazama ndani ya mwangwi wa ardhi. Tena programu huchuja makusudi vitu vya mwendo mdogo, la sivyo kila lori la barabara ya Masasi lingejaa kwenye kioo.

La pili ni upana wa mwale. Nyuzi 1 kwa umbali wa kilomita 200 ni kilomita 3.5. Mbinu za kupima pembe zinaweza kukuambia kitu kimoja kiko wapi kwa usahihi zaidi ya hapo, ila vitu viwili vilivyo karibu vinabaki alama moja. Kwenye mto kama Ruvuma, wenye visiwa vya mchanga na mikondo inayohama, utabishana kama alama iko ukingo wa kwetu au wa Msumbiji.

Brazil iliyaona haya mapema katika mradi wake wa Amazon. Ilinunua ndege 5 zenye Erieye kwa ajili ya ndege ndogo zinazoruka chini, na nyingine 3 zenye rada ya kupiga picha ardhi. Bodi ni ile ile ya Embraer, kazi mbili tofauti kabisa.

Nahodha_Shangani
Naongezea upande wa bahari. Boti inatafutwa na ndege ya doria: ndogo, injini mbili, rada ya wimbi la sentimita 3 chini ya tumbo inayozunguka digrii 360, kamera ya joto, na kipokezi cha AIS, yaani mfumo ambao meli hutangaza kwa redio jina lake na mahali ilipo.

Hapa kwenda juu sana kunaharibu kazi. Kadiri unavyoitazama bahari kwa pembe kali zaidi ya kushuka, ndivyo mawimbi yanavyorudisha mwangwi mkubwa na kumeza boti ya mbao. Kimo cha mita 600 kinakupa upeo wa kilomita 100 na zaidi kidogo, kinatosha.

Halafu upepo. Ukitazama upande upepo unakotoka, mwangwi wa mawimbi ni mkubwa kuliko ukitazama unakoelekea. Wakati wa kusi, ndege iliyo mbele ya Lindi ikitazama kusini kuelekea mdomo wa Ruvuma imejiweka mahali pabaya kuliko pote. Njia za doria zipangwe upya kila msimu. Jambo hili linapuuzwa mno, na ndilo linaloamua kama boti itaonekana au la.

AIS inasaidia kuondoa, si kutafuta. Inalazimishwa kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa, kwa hiyo meli ya korosho itajitaja yenyewe, jahazi na boti za wavuvi hazitajitaja. Linganisha alama za rada na AIS, zinazobaki bila jina zipigwe kamera. Nyingi ni wavuvi halali, kwa hiyo bila boti ya doria majini iliyo tayari kufuata, orodha hiyo haina kazi.

Karakana_Lindi
Msisahau zamu. Ndege inakaa hewani saa 6, saa 2 zinaliwa kwenda na kurudi, zinabaki 4. Saa 24 zinadai safari 6 kila siku. Moja iko kazini, moja njiani, moja inaandaliwa, moja imefunguliwa karakanani: hapo ni ndege 4 kwa eneo moja tu. Zikilala Mtwara utaokoa mafuta, lakini chumvi itadai bodi na kompresa za injini zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, na viungio vya antena vikaguliwe kutu.

Kwa upande wa bara, kimo tunacho bure. Ukingo wa uwanda wa Makonde pale Newala unalitazama bonde la Ruvuma kutoka juu. Tuseme antena iko mita 600 juu ya bonde: upeo ni kilomita 100, na kwa sababu mnara hautembei, ule mwangwi wa ardhi unaojitanua haupo. Hapo hata mtembea kwa miguu anatenganishika na ardhi, ingawa rada za kumwona mtu hufika kilomita chache hadi makumi machache, kwa hiyo kituo kimoja hakitoshi. Mabonde madogo na miti ya kando ya mto huacha vivuli, navyo vizibwe kwa rada ndogo na kamera za joto huku chini.

Msimbati_Pwani
Asanteni sana wakuu. Na chini ya mikorosho je?

MwangwiWaRada
Wimbi la sentimita 3 linaishia kwenye majani. La sentimita 23 linapenya kiasi, la 70 zaidi, ila picha inapungua ukali. Tena rada ya picha humchafua anayetembea, kwa sababu inaijenga picha kwa sekunde kadhaa. Inachotoa ni tofauti: picha mbili za majuma tofauti zikilinganishwa zinaonyesha njia mpya na mahali palipofyekwa. Aliyepita jana usiku haonekani humo.