Gumzo la Nyumba Kubwa: Nuru kawaona Phish

Nuru: Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo? Kwenu kumekucha, huku New York ni saa tisa usiku na usingizi umenipaa kabisa. NIMEWAONA PHISH, ile bendi ya Marekani. Jamani, kwa macho yangu haya mawili.

Idi: Hatimayeee 🔥🔥 Ulivyotusumbua na zile rekodi zako!

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Umeshafika nyumbani? Saa tisa usiku ulikuwa na nani njiani?

Nuru: Nimefika Mama Mkubwa, usiwe na wasiwasi. Tulikwenda na wenzangu wa kazini, na ukumbi wenyewe umekaa juu ya stesheni ya treni. Ukishuka ngazi tu umefika.

Mama Mkubwa: Alhamdulillah. Haya, tusimulie.

Zuhura: Phish ndio wale wa nyimbo zisizoisha, dada?

Nuru: Ndio hao hao 😄 Wanne tu. Trey Anastasio gita na kuimba, Mike Gordon besi, Jon Fishman drams, Page McConnell vinanda. Walianza chuo kikuu huko Vermont mwaka 1983, Page akaingia 1985, na mpaka leo hao wanne ndio wanaosimama jukwaani. Redioni huwasikii. Lakini wanajaza ukumbi huu wa Madison Square Garden, watu karibu elfu ishirini, usiku baada ya usiku.

Shangazi: Hapo sijaelewa. Mtu asiyepigwa redioni anajazaje ukumbi wa watu wote hao?

Nuru: Kwa sababu ukienda leo ukarudi kesho, Shangazi, unasikia vitu viwili tofauti kabisa. Hawarudii nyimbo ovyo, na wimbo huohuo hawaupigi sawasawa mara mbili. Mwaka 2017 walipiga hapohapo Garden usiku 13, mfululizo wakauita Baker's Dozen, yaani dazeni ya mwokaji, ambayo huwa 13. Nyimbo 237. Hakuna hata mmoja uliorudiwa.

Idi: 237 bila kurudia???

Nuru: Bila kurudia. Na kila usiku ulikuwa na ladha yake ya donati, nyimbo nyingine zikachaguliwa kufuata ladha hiyo. Mimi nilikuwa sijafika Marekani bado, nilisikiliza rekodi tu. Hapo ndipo waliponiteka.

Shangazi: Na kweli wimbo mmoja unafika nusu saa? Watu hawachoki wakasimama kama milingoti?

Nuru: Unaweza kufika. Usiku huu seti ya pili, yaani baada ya mapumziko, walifungua na wimbo ambao kwenye albamu ni mfupi tu, beti mbili na kiitikio. Wakaumaliza kuimba. Halafu hawakusimama. Ukavuka dakika ishirini na tano na hakuna aliyekaa chini kuanzia mbele mpaka kule juu karibu na paa.

Mjomba: Nimeingia. Shikamoo dada. Nuru, mimi besi nimeipiga miaka, nieleze taratibu usinirukie. Wakishamaliza kuimba, nani anaongoza? Sisi sebene likianza, mpiga solo ndiye anaita, wengine tunamfuata.

Mama Mkubwa: Marahaba. Leo umeamka mapema kwa ajili ya muziki, kwa shughuli za ukoo huonekani.

Nuru: Mjomba nilikuwa nakusubiri wewe! Shikamoo. Swali lako ndilo lenyewe. Kuna namna mbili, na mashabiki wanazitaja hivyo hivyo, aina ya kwanza na aina ya pili. Aina ya kwanza ni hiyo unayoijua, kodi za wimbo, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zinabaki palepale na Trey anatembeza solo juu yake mpaka mzuka unapanda. Aina ya pili wanatoka nje ya wimbo kabisa. Ufunguo, ile noti ya nyumbani ambayo wimbo unaizunguka, unabadilika, mapigo yanabadilika, na hapo hakuna kiongozi. Anayesikia kitu kizuri anakishika, wenzake wanakijazia.

Mjomba: Hakuna kiongozi? Hiyo ni ngumu mwanangu. Bendi isiyo na kiongozi kila mtu anataka asikike yeye.

Nuru: Ndiyo maana walifanya mazoezi ya hilo jambo peke yake. Miaka ya 1990 walikuwa wanajifungia na kufanya zoezi wanaloliita Including Your Own Hey. Mmoja anaanza kipande kidogo anakirudia. Wengine watatu kila mmoja anatafuta pa kuingia bila kumkanyaga mwenzake. Ukishahakikisha unawasikia wote watatu, siyo unajisikia wewe, unasema "hey". Wote wanne wakisema, anayefuata kwa zamu anabadilisha kipande. Saa nzima, siku nyingi.

Mjomba: Subhanallah. Hilo zoezi ningelipata nikiwa kijana.

Mjomba: Sisi tuligombana kwa sauti za amplifaya tu. Kila mmoja anaongeza ya kwake.

Nuru: Sasa usiku huu nimeliona kwa macho. Kwenye dakika ya kumi hivi, Trey aliacha kabisa solo. Mtu ambaye watu wote wamekuja kumwangalia! Akawa anachapa vipande vifupi vya rizimu, kama anamgongea Page mlango. Page alikuwa kwenye piano, akageuka kiti, akahamia kinanda kingine cha nyuma yake, mkono mmoja bado uko kwenye kile cha kwanza. Mike akashika noti moja ya chini na kuing'ang'ania. Moja tu. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Fishman akapunguza mapigo mpaka ikabaki sahani ya shaba na kiki, ile ngoma ya mguu, na hapo nikaona Trey anamwangalia Mike, anatabasamu, anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema. Basi wote wanne wakahama ufunguo KWA PAMOJA. Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyetoa ishara.

Nuru: Watu elfu ishirini wakapiga kelele kwa mpigo mmoja. Kwa kubadilika kwa ufunguo, Mjomba! Hakuna moshi, hakuna mcheza shoo, hakuna mgeni aliyepanda jukwaani.

Mjomba: Hadhira inayosikia ufunguo ukihama. Hiyo ndiyo hadhira.

Zuhura: Mimi nimesisimka mwili na wala sijui kuusikia ufunguo 😅

Nuru: Na sakafu ilikuwa inadunda Zuhura. Garden siyo ukumbi wa chini, umejengwa ghorofani juu ya ile stesheni, watu wakiruka pamoja unaihisi miguuni inapanda na kushuka. Mara ya kwanza nilishtuka nikamshika mwenzangu mkono. Mzee mmoja nyuma yangu akaniambia tulia binti, hivi ndivyo Garden ilivyo.

Mama Mkubwa: Hiyo sakafu siipendi.

Idi: Na taa je? Nimeona video taa zinacheza kama zina akili zake.

Nuru: Chris Kuroda! Yuko nao tangu 1989, mashabiki wanamhesabu mwanabendi wa tano. Naye hapangi kabla. Atapangaje wakati bendi yenyewe haijui inakwenda wapi? Anasikiliza na kupiga taa papo hapo kama mtu anayepiga chombo. Pale Mike aliposhika ile noti, taa zote ziligeuka buluu nzito zikashuka chini taratibu mpaka karibu na vichwa vyao. Ufunguo ulipohama zikafunguka nyeupe. Alikuwa ameusikia sekunde ileile na sisi.

Idi: Si ndio hao walipiga kwenye lile dude la duara Las Vegas?

Nuru: Sphere, Aprili 2024, usiku nne na hawakurudia wimbo. Ila mimi kwa kweli nachagua Garden. Picha kubwa vile za skrini ya mle ndani zinakuchukua macho, na ukishachukuliwa macho masikio yanalegea. Kuroda na taa zake wananitosha.

Shangazi: Sasa niulize kama mtu mzima. Hayo maonyesho ya usiku kucha si ndiyo ya bangi na mambo mengine? Usinifiche.

Nuru: Sikufichi Shangazi, yapo. Harufu ya bangi ipo, na nje ya ukumbi wapo wanaouza vitu vibaya, nimewapita. Lakini nikwambie nilichokiona mapumzikoni. Kuna meza imefungwa maputo ya njano. Ni mashabiki walioacha pombe na dawa, wanajiita The Phellowship, kila onyesho wanakutana hapo katikati ya seti ya kwanza na ya pili. Wanashikana mikono, wanasemezana, wanarudi kucheza. Mtu anayepambana na kiu yake anajua akiona puto la njano kuna watu wake. Nilisimama kidogo pembeni. Kulikuwa na mama mmoja wa rika lako, anamkumbatia kijana na kumwambia umefanya vizuri kuja.

Nuru: Na Trey mwenyewe ametoka huko. Bendi ilivunjika 2004. Mwaka 2006 alikamatwa na dawa, akapitia mahakama maalumu ya kesi za dawa, akaacha. Machi 2009 wakarudi jukwaani Hampton, Virginia. Sasa ameanzisha kituo huko Vermont cha kusaidia wanaotaka kuacha. Anapotabasamu pale jukwaani, watu wanajua tabasamu hilo limetoka wapi.

Shangazi: Huyo nimempenda.

Mama Mkubwa: Mungu amshike hivyo hivyo. Na wale wa meza ya maputo pia.

Mjomba: Mama yake Idi alinipigia kelele miaka mingi niache pombe za ukumbini. Ningekuwa na meza kama hiyo ningeacha mapema.

Shangazi: Uliacha, kaka. Hilo ndilo tunalolishukuru.

Zuhura: ❤️❤️

Idi: Kwa hiyo dada hakuna kibaya hata kimoja? Kila kitu asali?

Nuru: Seti ya kwanza ilikuwa ya kawaida, nasema kweli. Nyimbo fupi fupi, safi, hazikwenda popote. Wangeishia hapo ningerudi nimefurahi kiasi tu. Na kuna watu wanaongea! Bendi imeshuka mpaka kunong'ona, Page anagusa kinanda kidogo kidogo, na jamaa wawili mbele yangu wanasimuliana habari za ofisini kwa sauti ya sokoni. Hilo limenikera mno. Muziki wa namna hii sehemu ya kimya ndiyo wanapotafutana. Ukipiga kelele pale umewaziba masikio.

Mjomba: Sawa kabisa. Sehemu ya kimya ndiyo ngumu kupiga.

Zuhura: Dada, kweli walishapiga mpaka asubuhi?

Nuru: Kweli. Tarehe 31 Desemba 1999, Big Cypress, Florida, kwenye ardhi ya Waseminole, Wamarekani wa asili. Walipanda jukwaani karibu na saa sita usiku, wakashuka jua limechomoza tarehe 1 Januari 2000. Zaidi ya saa saba, seti moja, bila mapumziko. Waliokuwepo ukikutana nao kwenye foleni wanaisimulia kama harusi yao.

Mjomba: Hizo rekodi unazipataje? Au wanauza wenyewe?

Nuru: Wanauza wenyewe, na mashabiki pia wanaruhusiwa kurekodi. Kuna sehemu yao maalumu, unaona maikrofoni zimesimamishwa juu ya fito ndefu. Sharti ni moja, unagawa bure, huuzi. Huo mtindo wameurithi kwa Grateful Dead, ambao mwaka 1984 waliwatengea warekodi eneo lao rasmi ukumbini. Grateful Dead ndio baba wa bendi zote hizi za kujam, yaani kupiga bila kupanga kabla, walianza California 1965, wakasimama Jerry Garcia alipofariki Agosti 1995. Jamaa niliyesimama karibu naye alikuwa anarekodi, ameshanitumia kile kipande cha seti ya pili.

Mjomba: Na wewe unakaa nacho tu?? Kitupe humu!

Nuru: 🎵 *seti ya pili, wimbo wa kwanza* (26:41)
Mjomba vaa spika za masikioni, usisikilizie kwenye simu, besi yote itapotea.

Mama Mkubwa: Lala sasa Nuru, kesho kazini.

Nuru: Nalala Mama Mkubwa. Namsubiri Mjomba kidogo.

Idi: Mimi niko dakika ya sita, bado ni wimbo wa kawaida

Nuru: Vumilia Idi. Usiruke mbele. Ukiruka hutasikia walipotoka.

Shangazi: Nami nimeweka huku nasonga ugali. Inachezeka.

Mjomba: Nimemaliza. Nimerudia mara mbili.

Mjomba: Nuru, ile noti ya besi. Dakika ya 11 na sekunde kama arobaini. Umesema wote walihama pamoja, lakini sikiliza vizuri. Mpiga besi alishatangulia. Aliing'ang'ania ile noti kwa sababu ni ya ufunguo wa zamani na ni ya ufunguo mpya pia. Amekaa mlangoni anawasubiri wenzake wafike. Gita ndiye wa kwanza kumgundua, ndiyo maana unasema alitabasamu. Kinanda akafuata, drams akafunga. Kwa hiyo kiongozi alikuwepo, ila alikaa kimya.

Nuru: MJOMBA!!! Nilikuwa ndani ya ukumbi na sikulisikia hilo! Naisikiliza tena sasa hivi.

Nuru: Kweli kabisa. Sekunde ya 40 Mike ameshafika. Trey anasikika kumjibu kwenye 52.

Mjomba: Na kwenye 14 wanarudia mchezo uleule, safari hii kinanda ndiye anayekaa mlangoni. Nitumie wimbo unaofuata.

Idi: Nimefika 11:40. Hapana jamani. Hapana. Na mimi nitumie.

Nuru: Unapanda sasa hivi, una dakika 18. Mjomba, kwenye huo msikilize Fishman.