Maharage yanamaliza gesi: mtungi mkubwa, presha kuka ya umeme, au nirudi kwenye mkaa?

MamaPacha_Segerea
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa waliopitia hili.

Tangu Januari mume wangu amepunguziwa siku za kazi, tukakaa chini tukakubaliana kula nje basi. Supu na chapati za asubuhi, wali wa mama ntilie mchana, chipsi za watoto jioni, vyote tumefuta. Kila kitu napika nyumbani. Hela ya chakula imepungua kweli, namshukuru Mungu, ila sasa mzigo umehamia kwenye gesi. Mtungi wangu mdogo wa kilo 6 ulikuwa unanivusha mwezi na siku kadhaa. Siku hizi unakata siku ya 16. Jana umekata saa mbili usiku maharage yakiwa nusu, watoto wameshakaa na sahani zao.

Nina akiba ya laki moja na ishirini. Nimewaza vitu vitatu: mtungi mkubwa wa kilo 15, ile presha kuka ya umeme (Kariakoo nimeiulizia, nimeambiwa kuanzia 110,000), au nitoe jiko la mkaa uvunguni nirudi nilikotoka. Kipi kina nafuu? Nataka niwe nimenunua kabla ya tarehe 5. Asanteni.

FundiUmeme_Kigogo
Mleta mada umeruka mambo ya msingi. Mko wangapi ndani? Nyumba yenu au mmepanga? LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yenu peke yenu au mnachangia? Ukinunua umeme wa 10,000 unapata uniti ngapi? Na hayo maharage unapika mara ngapi kwa wiki? Bila hayo hapa kila mtu atakushauri anachokipenda yeye.

BiTatu_Mbagala
Chukua mtungi mkubwa mdogo wangu, usijiulize mara mbili. Mimi nina wa kilo 15 mwaka wa tano huu, nasahau kama kuna kitu kinaitwa kuishiwa gesi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni presha yako unaifanyia nini?

Kilongawima
Mkaa. Wali wa nazi wa mkaa, ule unaopaliwa moto juu ya kifuniko, huwezi kuufananisha na wa kwenye umeme. Kopo 2,000 unapika siku nzima.

MamaPacha_Segerea
Samahani fundi, nilikuwa na haraka. Tuko sita: sisi wawili, pacha wa miaka saba, mtoto wa kidato cha pili na mdogo wangu. Tumepanga, vyumba viwili, wapangaji wanne mita moja, kila nyumba inatoa 15,000 kwa mwezi. Ya 10,000 inatoa uniti 28. Maharage mara nne kwa wiki, Jumamosi makande. Siku nyingine dagaa, mchicha au matembele, ugali au wali.

FundiUmeme_Kigogo
Sasa tunaelewana. Uniti 28 kwa elfu kumi maana yake mko kwenye tarifa ya kawaida, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Wale wa matumizi madogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanapata uniti themanini na kidogo kwa hela hiyohiyo. Wapangaji wanne kwenye mita moja, huko hamtafika.

Hata hivyo piga hesabu. Presha kuka ya wati 1,000 haivuti umeme muda wote. Ikishapata mgandamizo inakata yenyewe, inarudi kidogo, inakata tena. Ya nyumbani kwangu niliipima kwa kusoma mita kabla na baada, friji nimezima: nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa ilikula nusu uniti. Hata shilingi 200 haifiki. Kwa ratiba yako ya maharage na makande hutavuka uniti 12 au 13 kwa mwezi, tuseme 4,500.

Tatizo lako ni mita ya pamoja. Jirani akisikia ile presha inapuliza mvuke ataona wewe ndiye unayemaliza umeme, hata kama pasi yake inakula zaidi. Zungumza na mwenye nyumba akuruhusu kufunga mita ndogo ya ndani, ile ya wapangaji, kila mtu alipe anachotumia. Hilo kwanza, presha baadaye.

Hesabu_za_Jikoni
BiTatu, nakuheshimu dada, lakini mtungi mkubwa unaondoa usumbufu wa kwenda dukani, hauleti unafuu. Kwetu Tabata mdogo tunajaza 24,000, mkubwa 57,000. Mleta mada anamaliza mdogo kwa siku 16, yaani 1,500 kwa siku, 45,000 kwa mwezi. Mkubwa utamfikisha siku 40, inakuja kama 1,425 kwa siku, 42,750 kwa mwezi. Ameokoa elfu mbili na kitu. Na mtungi mtupu lazima aununue kwanza, atarudisha hela yake baada ya miaka.

Mkaa ndiyo kabisa. Watu sita na maharage mara nne kwa wiki, kopo moja halitoshi hata kidogo. Hata likitosha ni 60,000 kwa mwezi. Mkaa unaonekana rahisi kwa sababu hela inatoka kidogo kidogo.

Kilongawima
Hiyo kidogo kidogo ndiyo maisha yetu wengi. Nimesikia mkakati wa serikali, ifikapo 2034 asilimia 80 tuwe tunatumia nishati safi. Ni jambo jema na naliunga mkono. Lakini mtu mwenye 2,000 leo atapata kopo la mkaa, hapati 2,000 ya gesi. Hilo msilipite haraka.

BabaNeema_Kimara
Kabla hamjamshauri mtu kuhusu gesi, someni yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilikuwa najaza mtungi wa kilo 6 kwa wakala mmoja jirani, simtaji. Nyumbani tulikuwa watatu tu. Mtungi ukaanza kukata siku ya 20, kisha ya 17, kisha ya 14. Nikaanza kumlaumu mke wangu. Namwambia unaacha jiko linawaka, unachemsha maji ya kuoga kwenye gesi. Akanyamaza, akawa anapika kwa mashaka, anazima jiko wali haujakauka. Tulikula wali mbichi wiki mbili kwa ajili ya maneno yangu.

Siku moja nimetoka kujaza, nikampitia jirani yangu anayeuza samaki, anawafuata soko la Feri alfajiri. Alikuwa na mizani yake ya ndoano imening'inia mlangoni. Nikamwambia hebu tupime hii kitu. Pale juu ya mtungi, kwenye ile shingo ya chuma, umegongwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Wangu uliandikwa 6.9. Ukijumlisha kilo 6 za gesi, mizani ilipaswa kusoma 12.9. Ilisoma 10.6. Tukaushusha, tukafuta ndoano, tukapandisha tena. 10.6. Nimelipia kilo 6, nimepewa 3.7.

Nilirudi na mtungi na mwenye samaki na mizani yake. Yule wakala akasema mizani ya samaki haipimi gesi. Nikamwomba atoe ya kwake, akasema imeharibika. Watu wakajaa. Mwisho alinipa mtungi mwingine, nao ulipungua nusu kilo, nikachoka nikaondoka. Hela zote za nyuma zilipotea hivyo. Kilichoniuma zaidi ni yale maneno niliyomwambia mke wangu. Nilimwomba radhi jioni hiyohiyo, mbele ya mama yake.

Kwa hiyo dada, kabla hujanunua chochote, pima huo mtungi. Wakala anatakiwa awe na mizani dukani na una haki ya kudai upime. Akikataa, ondoka.

BiTatu_Mbagala
Pole sana kaka. Hili nimelisikia kwa wengi. Angalia na ile sili ya plastiki mdomoni, ikiwa imelegea usiuchukue.

FundiUmeme_Kigogo
Na kabla ya kumshuku wakala, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na pale unapofungulia gesi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja, funga mtungi na ufungue madirisha. Tazama na rangi ya moto. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, matundu ya jiko yameziba, safisha kwa sindano au mswaki mkavu.

Kapu_la_Bibi
Shikamooni wakubwa. Mnabishana majiko, mimi naona adui ni yale masaa mawili ya maharage. Bibi yangu Muheza alikuwa na kapu kubwa la ukili lililojazwa matambara na blanketi kuukuu. Mimi ninalo hapa Yombo. Nafanya hivi.

Maharage yanalowekwa toka usiku. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, chemsha mpaka yatokote, uyaache yatokote kwa nguvu dakika 20. Usipunguze hapo, hasa yale mekundu makubwa, yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Kisha sufuria ikiwa na kifuniko chake na maji bado yanatokota, itumbukize kwenye kapu, funika kwa mto wa nguo, funga blanketi. Usifungue. Baada ya masaa manne unakuta yameiva, sufuria bado huwezi kuishika kwa mkono mtupu. Rudisha jikoni yatokote kidogo ndipo uunge nazi na kitunguu. Sufuria iwe imejaa, ikiwa nusu haitunzi joto. Na usiyaache humo kutwa nzima yakapoa, yatachacha.

Kapu langu limenigharimu 6,000. Matambara ni ya nyumbani.

Kilongawima
Weka magadi kidogo. Dakika 40 yameiva, hakuna kapu wala blanketi.

Muuguzi_Temeke
Magadi hapana jamani. Kwenye mlenda au kisamvu tunayatumia kidogo kwa mazoea, lakini kwenye maharage yanaharibu vitamini B1, na kwa familia inayotegemea maharage mara nne kwa wiki hiyo ni hasara. Na mwenye presha ya damu aangalie chumvi iliyomo. Halafu Kilongawima, nakuomba kama ndugu: huo mkaa usipikie chumbani mvua ikinyesha. Nimepokea mama na mwanawe waliofunga mlango wakiwa na jiko la mkaa ndani. Ile hewa haina harufu. Mama alipona. Siwezi kuendelea kuandika hapa.

Kilongawima
Pole sana dada. Napikia barazani, lakini nimekusikia. Nitamwambia na binti yangu, yeye kapanga chumba kimoja Manzese.

Tandale_Nafaka
Nyongeza kutoka kwangu ninayeuza maharage. Mengine hayaivi kwa sababu ni ya zamani, yamekaa stoo misimu miwili. Ukija sokoni chukua punje moja uing'ate. Maharage mapya jino linaacha alama. Ya zamani jino linateleza kama umeng'ata kokoto, na hayo utayachemsha mpaka mtungi uishe. Genge la mtaani hujui yalitoka lini. Chukueni kwa pamoja majirani wawili watatu, kilo kumi au ishirini, mje Tandale au Tandika, bei ya jumla mtaiona tofauti yake.

Wa_Mikocheni
Huku baadhi ya nyumba tumeunganishiwa gesi asilia ya bomba na TPDC, shirika la mafuta la taifa. Hakuna kubeba mtungi kabisa. Mngeulizia na huko.

MamaPacha_Segerea
Mtaani kwetu sijaliona bomba, ndugu yangu.

Wapendwa, nimesoma kila neno. Nimepima mtungi bucha la jirani nilipotoka kuujaza. Umeandikwa 7.1, mizani imesoma 13.0, kwa hiyo wakala wangu hana kosa, namwomba Mungu anisamehe, nilishaanza kumnung'unikia. Sabuni nimepaka, haivuji. Moto ulikuwa wa njano upande mmoja, nimesafisha, umerudi wa buluu.

Jumapili nimejaribu la bibi. Sina kapu, nimetumia ndoo kubwa ya plastiki, nguo za pacha zilizowabana na blanketi la hospitali nililotoka nalo nilipowazaa. Nikaenda kanisani. Nimerudi saa nane, nimefungua mbele ya watoto, mvuke ukatoka, nikabonyeza harage moja kwa vidole likapasuka. Pacha wamepiga makofi. Dakika 20 za gesi tu. Makande lakini yalikataa, mahindi yalibaki magumu.

Mwenye nyumba kuhusu mita ndogo amesema atafikiria. Wapangaji wawili wameafiki, mmoja hataki, anasema tunataka kumfukuza kiujanja. Kwa hiyo laki na ishirini bado ninayo mkononi.

FundiUmeme_Kigogo
Makande ndiyo kazi ya presha hasa. Yule asiyetaka mita mwambie nitakuja bure nimwonyeshe vyombo vyake vinakula kiasi gani. Huenda ndiye atakayepata nafuu kuliko wote.

BiTatu_Mbagala
Mimi bado nasema mtungi mkubwa. Ila hilo kapu nitalijaribu kwa kunde.

Kapu_la_Bibi
Kwa makande tumia mahindi yaliyokobolewa, na yachemke dakika 40 kabla hujayatumbukiza. Bibi alikuwa anatanguliza mahindi, maharage anayaongeza baadaye.

Tandale_Nafaka
MamaPacha, ya njano mapya yameingia jana. Njoo asubuhi, ung'ate mwenyewe.