Naomba ushauri: kuvuka Hardknott Pass kwa gari la otomatiki

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, naomba ushauri wenu. Mwishoni mwa Oktoba ninakusudia kumpeleka mama yangu Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, tutoke Ambleside hadi Eskdale kwa kuvuka barabara za milimani za Wrynose na kisha Hardknott, ili aione ile ngome ya Warumi iliyo upande wa magharibi wa mlima. Barabara ya Hardknott hufika mita 393 tu, kimo kisichowatisha sisi tuliojifunza udereva kwenye kona za Mombo hadi Lushoto. Kinachonitia hofu ni mwinuko wake, unaofikia takribani mita 1 kwa kila mita 3, tena katika njia nyembamba ya gari moja, yenye sehemu chache za kupishania.

Je, wakati wa kuteremka nibaki katika gia ya chini muda wote ili breki zisipate moto, na nikikutana na gari linalopanda, nani humpisha mwenzake? Au niuache mlima nizunguke kupitia Broughton-in-Furness, ingawa ni mbali zaidi? Mama husumbuliwa na kichefuchefu garini, kwa hiyo jibu la aliyewahi kupita huko na mzee litanifaa zaidi.